Ipige Picha Kwanza, Ndipo Uionje

Ongezeni sauti ya redio kidogo, maana leo nina vipande viwili vya chokoleti hapa mezani, na fundi mitambo wangu amekubali kwa shingo upande nivivunje karibu na maikrofoni. Hiki cha kwanza.

(Sauti: mvunjiko mkavu, mkali.)

Na hiki cha pili.

(Sauti: mvunjiko mzito, usio na mlio.)

Bila shaka mmesikia. Cha kwanza kimelia "ta!" kikaachana mara moja. Cha pili kimepinda kwanza, kikasitasita, ndipo kikakatika. Nimevinunua duka moja, rafu moja, bei zao zinapishana kidogo tu, na karatasi zote mbili zina picha ya maziwa yakimiminika juu ya kakao. Lakini kimoja ni chokoleti, na kingine ni sukari na mafuta ya mawese yaliyotiwa unga wa kakao ili yapate rangi na harufu. Muuzaji hakuniambia hayo, wala simlaumu, yeye anauza maboksi. Nimeyajua kwa sikio, kwa jicho na kwa ulimi, na mazungumzo ya leo ni juu ya vitu hivyo: namna ya kuonja na kupiga picha peremende na chokoleti tunazonunua dukani.

Najua wapo watakaocheka. Mtu mzima, ana wajukuu, anapanga pipi kwenye karatasi nyeupe kando ya dirisha, anaziinamia na simu! Cheka, lakini nikuulize. Ukienda sokoni, mchele unautia kiganjani ukauangalia chenga zake. Nyanya unaibonyeza. Samaki unamfunua matamvua uone kama bado mekundu. Ukifika kwenye chokoleti, ambayo kwa kilo ni ghali kuliko samaki huyo, unafungua karatasi, unatafuna, unatupa karatasi, basi. Hakuna chakula tunachokilipia sana na kukikagua kidogo kama hicho.

Kwa nini picha? Kwa sababu ulimi husahau haraka. Ladha ya Jumamosi iliyopita huwezi kuilinganisha na ya leo kwa kumbukumbu tu, na kipande ulichokila hakipo tena kutoa ushahidi. Picha inabaki. Nayo inataka vitu vichache sana. Simu yoyote inatosha. Kinachohitajika ni dirisha, na dirisha lenyewe lisiwe linalopigwa na jua moja kwa moja. Zima taa ya chumbani. Zima na kile kimwanga cha simu, maana hicho hupiga doa jeupe katikati ya kipande na kuua sura yote. Tandika karatasi nyeupe isiyong'aa, na upande wa pili wa dirisha simamisha karatasi nyingine irudishe mwanga kwenye kivuli. Futa kioo cha kamera kwa pindo la kanga au la shati, kwani simu zetu zina alama za vidole vya familia nzima. Kisha piga picha ya kwanza kabla hujafungua chochote.

Hiyo ya kwanza ni ya karatasi, mbele na nyuma. Ya mbele ni pambo. Ya nyuma ndiyo yenye maneno: uzito, viambato, mahali ilipotengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi. Weka sarafu ya shilingi mia mbili kando yake, na baadaye nitasema ni ya nini. Karatasi za kung'aa zina ukorofi wake, zinaakisi kila kitu, na usipoziinamisha kidogo utakuta umepiga picha ya uso wako mwenyewe ukiwa umekunja ndita. Wale wenye makopo ya Quality Street nyumbani, yaliyoletwa na ndugu kutoka Muscat au London na ambayo siku hizi yana sindano na nyuzi ndani, wanajua jinsi zile karatasi za rangi zilivyokuwa zikimeta. Mwaka 2022 watengenezaji wake, Nestlé, wakabadilisha nyingi ya karatasi hizo, wakaweka za kawaida zinazoweza kurejelezwa. Mazingira yamepata nafuu, nami siwezi kulalamika, ila kwa mpiga picha ule mmeto ulikuwa nusu ya raha.

Sasa fungua. Usikiguse kipande kwa vidole kabla ya kukipiga picha, maana joto la kidole linatosha kuacha alama juu ya chokoleti nzuri, na alama haifutiki. Shusha simu hadi iwe karibu usawa wa meza, mwanga wa dirisha upite ukilalia juu ya kipande kutoka ubavuni. Hapo ndipo utaona jambo ambalo kwa macho ya haraka hulioni: kama uso wake ni laini unaong'aa, au una utandu wa kijivujivu, michirizi, madoadoa meupe.

Utandu huo watu wengi huudhani ukungu, wakarudisha chokoleti dukani kwa ugomvi. Si ukungu, wala haudhuru tumbo. Ni safari ya chokoleti imejiandika usoni pake. Nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wa pwani tunapohusika kuliko watu wa Uswisi.

Kinachoshika chokoleti ikawa kitu kigumu ni siagi ya kakao, yaani mafuta yaliyomo ndani ya mbegu yenyewe. Mafuta haya yana tabia ya ajabu. Yanapoganda, chembe zake zinaweza kujipanga kwa namna sita, na ni moja tu, ya tano, inayotoa ule uso wa kung'aa na ule mlio wa "ta!" mliousikia. Kiwandani hupashwa moto, hupozwa, hupashwa tena kwa kipimo, hadi zikubali kukaa katika mpangilio huo. Mpangilio huo huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 34. Mdomo wa mtu mzima wa afya una nyuzi 37. Raha yote ya chokoleti, wasikilizaji, imo katika nyuzi hizo tatu: ngumu mkononi, majimaji ulimini, bila kutafuna.

Haya, sasa hesabu na Dar es Salaam. Mwezi wa Februari, mchana, kivulini, tunafika nyuzi 32. Zimebaki mbili tu. Na hapo nimesema kivulini. Kontena likiwa limesimama juani bandarini, au fuso likiwa foleni Ubungo, joto la ndani linapita huko kwa mbali. Chokoleti inayeyuka ndani ya karatasi yake, usiku inaganda tena, lakini safari hii hakuna fundi wa kuzipanga chembe zake. Zinaganda ovyo. Mafuta yanapanda juu na kuganda kama utandu. Kipande kinafika dukani kwa Mangi kikiwa kimekwisha kuyeyuka na kuganda, mara nyingine zaidi ya mara moja, na umbo lake likiwa limelala upande. Ukikipiga picha kwa mwanga wa ubavuni, yote hayo yanaonekana. Ukikionja, ni salama, ila kimekuwa chengachenga, kimepoteza ule ulaini.

Kuna utandu wa aina ya pili, na huu tunausababisha wenyewe kwa nia njema. Mtu anaogopa joto, anaitia chokoleti kwenye friji. Jioni anaitoa, anaifungua hapohapo mezani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo maji yanatona juu ya kipande baridi, yanayeyusha sukari ya usoni, kisha yanakauka na kuiacha sukari imekuwa punjepunje. Namna ya kuzitofautisha ni rahisi: pitisha kidole taratibu. Utandu wa mafuta hulainika na kupotea kwa joto la kidole, wa sukari hubaki unakwaruza. Kama huna budi kutumia friji, ifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, maana siagi ya kakao hunasa harufu, nami sitamani chokoleti yenye kumbukumbu ya dagaa. Ukiitoa, iache ndani ya karatasi yake mpaka ubaridi uishe, ndipo uifungue.

Tatizo la joto limewasumbua wakubwa kabla yetu. Mwaka 1937 jeshi la Marekani lilimtuma Kapteni Paul Logan kwa kampuni ya Hershey, kule Pennsylvania, akaagize chokoleti ya askari. Masharti yake yalikuwa machache: iwe na uzito wa aunsi nne, karibu gramu 113, iwe na nguvu nyingi mwilini, istahimili joto kali, na ladha yake iwe bora kidogo tu kuliko ya kiazi kilichochemshwa. Hilo la mwisho alilitaka makusudi. Ilikuwa chakula cha dharura, na kama ingekuwa tamu askari wangeimaliza siku ya kwanza. Hershey wakatia unga wa shayiri, wakafanikiwa kupita kiasi, askari wakaichukia. Mwaka 1943 wakaleta nyingine iliyoboreshwa kwa ajili ya nchi za joto. Miaka miwili kabla yake, 1941, Forrest Mars alikuwa amekwisha kuja na jibu la busara zaidi: usibadilishe chokoleti, ivike ganda gumu la sukari. Ndizo M&M's. Kwa maoni yangu, hadi leo vidonge vya namna hiyo, vya kampuni yoyote, ndivyo vinavyofika madukani kwetu vikiwa na heshima zao zote.

Njia nyingine ya kushinda joto ni ile ya kipande changu cha pili: toa siagi ya kakao, tia mafuta mengine, hasa ya kokwa za mawese, ambayo ni ya bei ndogo na hayahitaji ule upangaji wa chembe. Kinakaa rafuni bila matata. Lakini mafuta yakishatengenezwa yasiyeyuke juani, hayayeyuki vizuri mdomoni pia. Yanaacha utando kwenye kaakaa, na baada ya kumeza unabaki unalamba meno. Sikidharau kitu hicho. Kwenye biskuti, juu ya keki ya sikukuu ya mtoto, kinafaa kabisa. Ninachokataa ni kukilipia bei ya chokoleti.

Basi tuonje. Kuonja kunataka mdomo mtulivu, usitoke kwenye pilau na kachumbari ukaja hapa. Sukutua kwa maji ya kawaida. Vunja kipande, nusa pale palipovunjika, si usoni, maana harufu imefungiwa ndani. Weka juu ya ulimi, funga mdomo, usitafune. Hesabu pumzi zako na utoe hewa kwa puani. Kinakuja kitu cha kwanza, kwa kawaida sukari au uchungu. Baadaye, kipande kinapolainika, kinakuja cha pili: uchachu, maziwa yaliyoungua kidogo, karanga, moshi. Mwisho, ukishameza, kinabaki kitu cha tatu, na hicho ndicho huamua kama utarudi kununua. Chokoleti nyeusi yenye kakao nyingi huacha ukakasi, ulimi ukajikunja kidogo kama aliyeuma bibo la korosho. Ukakasi mdogo ni mzuri. Ukizidi, kuna kitu hakikwenda sawa shambani. Mimi huanza na nyeusi, nikaja ya maziwa, nikamaliza na nyeupe. Sukari ikitangulia, kila kinachofuata huonekana kichungu kuliko kilivyo.

Andika unachokisikia, chini ya picha, palepale kwenye simu. "Tamu" peke yake haikusaidii, pipi zote ni tamu. Je, utamu wake unakinai baada ya kipande cha kwanza? Unachoma kooni? Harufu ni ya vanila halisi au ile ya dukani inayojaa chumba?

Kwa pipi za matunda kuna mchezo, na wazazi wanaweza kuufanya na watoto leo jioni. Mtoto afumbe macho, abane pua, umpe pipi bila kumwambia rangi yake. Atakwambia ni tamu, pengine ni chachu, hajui zaidi. Mwambie aachie pua. Hapohapo atapiga kelele: chungwa! nanasi! Ladha ya tunda tunadhani iko ulimini, kumbe ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo hadi puani. Ulimi wenyewe una kazi chache, na pua ndiyo inayofanya nyingine zote. Na mkirudia mchezo huo macho yakiwa wazi, mpe pipi nyekundu yenye ladha ya limau kama mnayo, muone jinsi jicho linavyomdanganya. Pipi hizi za kupitisha mwanga, kwa njia, msizipige picha kama chokoleti. Ziwekeni katikati ya simu na dirisha, mwanga uje kutoka nyuma, ndipo mapovu na nyufa za ndani zitaonekana.

Nilisema nitarudi kwenye sarafu. Sarafu ni kipimo. Karatasi ya chokoleti inaweza kubaki na ukubwa uleule huku kilichomo kikipungua, na bila kipimo picha mbili za miaka miwili tofauti hazikwambii kitu. Waingereza walijifunza hilo mwaka 2016, Toblerone ilipopunguza kipande cha gramu 400 kikawa 360, na cha 170 kikawa 150. Boksi halikupungua. Kilichopungua ni vilima, walivitenganisha, yakabaki mabonde mapana kati ya pembetatu moja na nyingine. Watu wakaweka picha ya zamani na mpya kando kwa kando, na picha hizo zikapiga kelele kuliko barua elfu za malalamiko. Mwaka 2018 umbo la zamani likarudishwa. Halafu mwaka 2023 mlima Matterhorn ukaondolewa kwenye boksi, kwa sababu sehemu ya utengenezaji ilikuwa inahamia Slovakia na sheria ya Uswisi hairuhusu alama zake za taifa zitumike ovyo.

Na mwaka 2024 mambo yakawa mazito zaidi. Côte d'Ivoire na Ghana, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilipigwa na mvua zisizotabirika, magonjwa na uzee wa miti, bei ya tani moja ikapanda ikapita dola 10,000. Baadaye ilishuka, lakini viwanda vilikuwa vimekwisha kujifunza kubana. Vipande vikawa vyembamba. Biskuti na karanga za ndani zikaongezeka, chokoleti ya nje ikapungua. Mwaka 2025, biskuti mbili maarufu za Uingereza, Penguin na Club, zilipunguza kakao mpaka zikapoteza haki ya kuitwa biskuti za chokoleti, zikabaki kuandikwa kwamba zina ladha ya chokoleti.

Maneno hayo yana sheria nyuma yake. Katika Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2000, chokoleti lazima iwe na angalau asilimia 35 ya kakao kavu, ya maziwa asilimia 25, na mafuta mengine ya mimea yasizidi asilimia 5. Kabla ya hapo walikuwa wamegombana kwa miaka mingi, Waitaliano na Wahispania wakisema chokoleti ya Waingereza, yenye mafuta mengine ndani, iitwe kibadala cha chokoleti. Mwaka 2003 mahakama ya Ulaya ikawaamuru waache. Kwa mnunuzi wa Kariakoo, somo ni dogo: viambato huandikwa kwa kufuata wingi. Ukiona mafuta ya mimea yametajwa mapema na siagi ya kakao haipo kabisa, unajua mlio wa chokoleti hiyo utakuwaje kabla hujaivunja.

Picha ya nyuma ya pakiti ina faida nyingine kwa ndugu zetu Waislamu. Zile pipi za kuvutikavuta, vidubu na nyoka, nyingi hushikwa na jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe mmojawapo. Haribo, kampuni iliyoanzishwa Bonn mwaka 1920, ina kiwanda Uturuki kinachotumia jelatini ya ng'ombe. Kwa hiyo kidubu ni kilekile, pakiti ni mbili, na tofauti iko kwenye maandishi madogo. Tazameni pia E120, rangi nyekundu inayotokana na mdudu. Shangazi anayeuliza kutoka Mombasa kama awape watoto hahitaji picha yako nzuri ya dirishani. Mtumie ile ya nyuma, isomeke.

Nimesifu kamera sana, na sasa niiseme vibaya. Mnaijua chokoleti ya Dubai. Sarah Hamouda alianza kuitengeneza mwaka 2021 chini ya jina la Fix: chokoleti ya maziwa nene, ndani yake krimu ya pistachio, tahini, na tambi nyembamba za kunafa zilizokaangwa. Iliuzwa Dubai tu, kwa kuagizwa, dirisha la kuagiza likifunguliwa saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Desemba 2023 mtengeneza video Maria Vehera akajirekodi akiila ndani ya gari. Tambi zikalia, kijani kikamwagika, na dunia nzima ikataka. Mwaka 2024 viwanda vya Ulaya vikaiga, na pistachio zikapanda bei.

Nimeionja ya kuigwa, zaidi ya aina moja. Maoni yangu ni kwamba kile kitu kiliwekwa duniani kirekodiwe. Unene wake ni wa kamera, ili kikivunjwa kijani kionekane. Rangi ni ya kamera. Mlio wa tambi nao ni mzuri, ningependa kuuleta hapa studio. Lakini kwenye ulimi, baada ya vipande viwili, utamu unakufunika, pistachio inapotea ndani ya mafuta, na chokoleti yenyewe, ambayo ndiyo mwenye nyumba, haina la kusema. Nyingi za bei rahisi zina karanga nyingine au rangi tu. Ukisoma nyuma utaona pistachio imetajwa mbali kwenye mstari. Wenye asili ya Ghuba watanisamehe: kunafa ni bora ikiwa moto, kwenye sinia, na jibini lake.

Kinachonisikitisha ni kwamba chokoleti yenye la kusema inatoka kwetu, nasi hatuijui. Kyela, kule Mbeya, wanalima kakao na kuiuza mnadani kwa stakabadhi ghalani, na nyingi huondoka nchini ikiwa mbegu kavu. Mbingu, bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, kuna Kokoa Kamili, walioanza mwaka 2013. Wao hununua mbegu mbichi kutoka kwa wakulima zikiwa bado na ule utando mweupe mtamu ambao watoto hunyonya na kutema mbegu, wakazichachusha wenyewe kwenye masanduku ya mbao kwa siku kadhaa, wakizigeuza, kisha wakazianika. Uchachushaji huo ndio unaozaa ladha. Ukikosewa, hakuna kiwanda cha Ulaya kitakachoirekebisha. Mbegu zao hununuliwa na watengenezaji kama Dandelion wa San Francisco, na karatasi ya chokoleti yao hutaja zilikotoka. Ng'ambo ya Ruwenzori, Mutwanga, ndani ya eneo la Virunga nchini Kongo, mahali palipoteswa na mapigano miaka mingi, kuna kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji wa hapohapo.

Kakao ya Kilombero ina uchachu wa matunda. Niliionja katika kipande cha asilimia 70, kakao na sukari tu. Uchungu ulitangulia, kisha kikaja kitu cha zabibu na ukwaju, kikakaa muda mrefu. Kwenye picha hakina mvuto: kahawia tupu, mstatili, hakuna kinachomwagika. Mwanga wa ubavuni ulikipendezesha kidogo, basi.

Nilimwonyesha kipande hicho mwenye duka mmoja wa Upanga, nikamuuliza kwa nini haweki bidhaa kama hii, yenye jina la kijiji cha Tanzania, karibu na zile zinazotoka mbali. Akakigeuza, akasoma viambato, akacheka. Akaniambia kitu chenye siagi ya kakao tupu kinamtaka awashe kiyoyozi usiku na mchana, na faida yote itakwenda kwenye umeme wa LUKU. Kisha akaniomba nimtumie ile picha. Ataibandika pale kwenye kaunta, na mteja akiitaka ataiagiza, ije asubuhi kabla jua halijachomoza sawasawa.